Boila la mafuta, pampu ya joto au bomba la mji: ulinganisho kwa wenye fleti kwenye majengo ya zamani Ujerumani

Majengo mengi ya fleti yaliyojengwa Ujerumani kati ya miaka ya 1950 na 1970 bado yana tangi la mafuta besimenti. Boila likichoka, wenye fleti huitwa mkutanoni, na msimamizi wa jengo huwawekea mezani ofa zisizofanana: boila jipya, pampu ya joto ya nje, visima vya kuchimbwa uani, au kuunganishwa na bomba la joto la mji. Sisi Waswahili tunaoishi huku, wachache tukiwa na fleti zetu na wengi tukiwa wapangaji, tunajikuta tunapiga kura au tunalipia jambo ambalo hatukukua nalo. Tanga wala Mombasa hakuna aliyefundishwa kupasha nyumba joto. Ulinganisho huu ni wa kwenda nao kwenye mkutano huo.

Nitatumia jengo moja la mfano ili hesabu zieleweke: limejengwa 1962, lina fleti 12, mita za mraba 900 kwa jumla, na linachoma lita 15,000 za mafuta kwa mwaka. Lita moja ya mafuta ina takriban uniti 10 za nishati. Uniti ni ile ile kilowati-saa tunayoinunua nyumbani kwa LUKU au kwa tokeni. Kwa mwaka basi ni uniti 150,000. Boila la zamani hupoteza sehemu kupitia bomba la moshi. Tukichukua kwamba asilimia 85 ndiyo inayofika ndani, joto ambalo jengo linatumia kweli ni uniti 127,500. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtambo wowote mpya utatakiwa kuifanya.

Kabla ya kugusa ofa, jua maji yenu yanahitaji kuwa ya moto kiasi gani

Pampu ya joto ni mashine ambayo watu wa pwani wameizoea. Kiyoyozi cha ukutani Dar es Salaam huchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto hufanya safari hiyo hiyo kinyume chake: huchukua joto kwenye hewa ya nje, hata hewa iliyo chini ya sifuri, ikalileta ndani. Umeme ni wa kuendesha kompresa tu. Joto lenyewe linatoka nje bure. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu au nne za joto.

Sharti lake ni moja. Kadiri unavyodai maji ya moto zaidi kwenye redieta, ndivyo kompresa inavyohangaika zaidi. Kila nyuzi moja ya joto unayoipunguza kwenye maji hayo huokoa takriban asilimia 2 hadi 2.5 ya umeme. Kwa hiyo jengo linalopata joto la kutosha kwa maji ya nyuzi 50 na lile linalodai nyuzi 70 yatapata bili mbili tofauti kabisa kutoka kwa mashine ile ile. Mimi naamini mikutano mingi inagombana bure kuhusu aina ya mashine wakati hakuna aliyepima namba hii.

Kuipima hakuhitaji mtaalamu. Shukeni besimenti asubuhi ya Januari, barafu ikiwa bado imeganda kwenye vioo vya magari. Kwenye mabomba mawili manene yanayotoka kwenye boila kuna vipimajoto viwili vya duara, kimoja chekundu na kingine cha buluu. Chekundu kinaonyesha maji yanayopanda kwenda kwenye fleti, cha buluu yanayorudi. Mara nyingi chekundu kitasoma 70 au 75, na hapo mtu atasema: nyumba hii ni ya zamani, pampu haitaiweza. Lakini ile 70 aliiweka fundi miaka mingi iliyopita ili asipigiwe simu na mtu yeyote anayesikia baridi. Haisemi chochote kuhusu mahitaji ya jengo.

Jaribio lenyewe ni hili: wakati wa baridi kali, fundi ashushe maji hadi nyuzi 55, kila fleti ifungue vali za redieta zote hadi mwisho, na mfumo uachwe hivyo kwa siku kadhaa. Wekeni tangazo kwenye ngazi mapema na mgawe vipimajoto vya bei rahisi. Vyumba vyote vikifika nyuzi 20, jengo liko tayari. Vikishindwa vichache, andikeni ni vipi. Karibu kila mara ni vile vile: cha pembeni upande wa kaskazini, cha ghorofa ya juu chini ya paa, na kile kilicho juu ya njia ya magari au mlango wa besimenti. Vyumba vitano vyenye baridi kati ya hamsini vina dawa yake, na wala si kuvunja ukuta wa jengo zima.

Dawa ya kwanza ni redieta. Redieta hiyo hiyo ikipewa maji ya nyuzi 55 badala ya 75 hutoa takriban nusu ya joto lake, lakini redieta za zamani zilifungwa kubwa kupita mahitaji, na kama madirisha yamebadilishwa tangu hapo, nusu hiyo huenda ikatosha. Isipotosha, redieta nyembamba ya bamba moja inaweza kutolewa na kuwekwa nene ya mabamba matatu mahali pale pale, na joto likaongezeka zaidi ya mara mbili. Dawa ya pili ni kufunika sakafu ya darini, chini ya paa, na kubandika dari ya besimenti kwa vifaa vya kuzuia joto lisipotee. Ni kazi ya bei nafuu ikilinganishwa na kuvisha kuta zote za nje, na ndiyo inayowaokoa wa juu kabisa na wa chini kabisa. Ya tatu ni kusawazisha mtiririko, ili redieta zilizo karibu na boila zisinywe maji yote na za mbali zikabaki vuguvugu.

Angalieni jambo moja zaidi. Baadhi ya majengo ya miaka ya 1960 na 1970 yana bomba moja tu linalopita redieta moja baada ya nyingine, hivyo ya mwisho hupata maji yaliyokwisha kupoa. Jengo la namna hiyo ndilo ningeliogopa. Linaweza kuhamia kwenye pampu, lakini kazi ya mabomba itangulie, na ofa isiyotaja jambo hilo imeandikwa na mtu ambaye hakushuka chini kutazama.

Boila jipya la mafuta

Ni rahisi kulipigia kura. Gharama ya kuanzia ni ndogo, kazi huisha haraka, na redieta haziguswi. Silipendekezi, na sababu yangu haitoki kwenye sheria. Marekebisho ya sheria ya nishati ya majengo, GEG, yaliyoanza tarehe 1 Januari 2024 yaliweka sharti la asilimia 65 ya nishati jadidifu kwenye mitambo mipya, kisha serikali iliyoingia 2025 ikatangaza kuyabadilisha. Mtambo wa kupasha joto hukaa miaka 20 au zaidi. Anayeununua kwa kufuata upepo wa bunge moja atakuwa nao bunge hilo likiwa limekwisha kusahaulika.

Kitu cha kutazama ni tozo ya hewa ya ukaa. Mwaka 2021 ilikuwa euro 25 kwa tani, 2024 ikawa 45, 2025 ikafika 55, na kwa 2026 imewekwa kati ya 55 na 65. Lita moja ya mafuta hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo jengo letu la mfano linatoa takriban tani 40 kwa mwaka. Kwa euro 55 pamoja na VAT, hiyo ni karibu euro 2,600 kila mwaka, tozo peke yake, kabla hujalipa mafuta yenyewe.

Mpangaji asikilize vizuri hapa. Tangu tarehe 1 Januari 2023 tozo hiyo hugawanywa kati ya mwenye nyumba na mpangaji kwa ngazi kumi, kulingana na kilo za hewa ya ukaa kwa kila mita ya mraba. Jengo la mfano lina kilo 44 hivi kwa mita. Katika ngazi hiyo mwenye nyumba hubeba asilimia 70 na mpangaji 30. Jengo likiwa baya zaidi, kuanzia kilo 52, mwenye nyumba hubeba 95. Hesabu ya mwaka ikija bila mgawanyo huo, mpangaji ana haki ya kukata asilimia 3 ya sehemu yake ya gharama za joto. Nimeona Waswahili wengi wakilipa hesabu hiyo bila kuisoma kwa sababu ni karatasi nne za Kijerumani kigumu. Tafuteni mstari huo.

Pampu inayochukua joto la hewa

Hii ndiyo ninayoitazama kwanza kwa majengo mengi ya fleti 6 hadi 20, kwa sababu haihitaji kuchimba na haihitaji kusubiri mji. Kwa jengo kama la mfano, lenye mahitaji ya kilowati 60 hivi siku ya baridi kali, mafundi hufunga mashine mbili au tatu zinazosaidiana. Siku za Oktoba hufanya kazi moja, siku za Januari zote. Ikiharibika moja, jengo halibaki kwenye baridi.

Taasisi ya Fraunhofer ISE ya Freiburg ilipima pampu zilizofungwa kwenye nyumba zilizokuwepo tayari, na katika matokeo yake ya 2020 pampu za hewa zilileta wastani wa uniti 3.1 za joto kwa kila uniti ya umeme kwa mwaka mzima, na zile za ardhini 4.1. Nyingi zilikuwa nyumba za familia moja au mbili. Jengo la fleti hutumia maji mengi ya moto ya kuoga, na hayo huvuta wastani chini. Nitachukua 3 kwa jengo letu.

Uniti 127,500 za joto kwa wastani wa 3 ni uniti 42,500 za umeme. Tuchukue umeme wa mkataba maalumu wa pampu kwa senti 25: ni euro 10,625 kwa mwaka. Mafuta kwa euro 1 kwa lita yangekuwa 15,000. Pampu imeshinda kwa zaidi ya euro 4,000. Sasa tugeuze: jengo halikufanya jaribio la nyuzi 55, pampu inasukuma maji ya nyuzi 70 mwaka mzima na wastani unashuka hadi 2.5, na msimamizi wa jengo amechukua umeme wa kawaida wa senti 35. Ni uniti 51,000, euro 17,850. Hapo mafuta yangekuwa nafuu. Pampu ni ile ile na nyumba ni ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia pampu inaokoa pesa, au akikwambia inafilisi, muulize maji yake yalikuwa ya nyuzi ngapi na umeme wake senti ngapi.

Kuhusu hewa ya ukaa: gridi ya Ujerumani mwaka 2024 ilikuwa chini ya gramu 400 kwa uniti, hivyo uniti 42,500 hutoa chini ya tani 17, dhidi ya 40 za mafuta. Na gridi inazidi kusafishwa kila mwaka, ilhali lita ya mafuta itabaki ilivyo.

Tatizo halisi la pampu ya hewa kwenye majengo ya mjini ni mahali pa kuiweka. Katika eneo la makazi la kawaida, kelele za usiku hazitakiwi kuzidi desibeli 40, na katika eneo la makazi tupu 35, zikipimwa nusu mita nje ya dirisha la jirani lililofunguliwa. Uani palipozungukwa na kuta tatu, sauti hugonga ukuta na kurudi, na mashine mbili zinazolingana huongeza desibeli 3 juu ya ile ya mashine moja. Mahali pazuri ni upande wa barabara au karibu na maegesho, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala. Juu ya paa pia inawezekana, ila mhandisi ahakikishe paa linabeba uzito na mashine zikae juu ya mipira ya kuzuia mtetemo, la sivyo wa ghorofa ya juu hawatalala.

Chagueni mashine zinazotumia propani kama gesi ya ndani, yaani ile inayozunguka ndani ya mashine na kubeba joto. Propani hufikisha maji nyuzi 70 au zaidi bila shida inapobidi, na madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno kuliko ya gesi za zamani kama R410A, ambayo kilo yake moja ina nguvu ya kupasha dunia karibu mara 2,088 ya hewa ya ukaa. Kwa kuwa propani inashika moto, kuzunguka mashine lazima kuachwe eneo lisilo na madirisha ya besimenti wala mifereji ya maji machafu, maana gesi hiyo ni nzito na hutambaa chini. Ofa yenye mchoro unaoonyesha eneo hilo ni ofa ya fundi makini.

Kuna na maji ya moto ya bombani, ambayo kwangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye jengo la fleti, na ofa nyingi huipita kwa mstari mmoja. Redieta zinaweza kuridhika na nyuzi 50, lakini maji ya kuoga yanayohifadhiwa kwenye tangi kubwa, zaidi ya lita 400, au yanayosafiri kwenye mabomba marefu, yanatakiwa kutoka tangini yakiwa nyuzi 60 na kurudi yakiwa si chini ya 55, kwa ajili ya bakteria wa Legionella wanaostawi kwenye maji ya uvuguvugu na kushambulia mapafu. Majengo ya kupangisha hupimwa kila miaka mitatu. Mkiacha pampu nzima ifanye kazi kwa nyuzi 60 na kitu mwaka mzima kwa sababu ya maji ya kuoga tu, mmetupa faida yote ya redieta.

Njia zipo. Ya kwanza ni kutenganisha: pampu kubwa kwa redieta kwa joto la chini, na ndogo yake peke yake kwa maji ya kuoga. Ya pili ni kuweka kwenye kila fleti kiboksi chenye mabamba ya chuma kinachopasha maji safi pale tu bomba linapofunguliwa, kwa kutumia joto la maji ya mfumo wa redieta. Maji hayo safi hayahifadhiwi popote, kwa hiyo joto linaweza kushushwa. Ya tatu ni hita za umeme za papo hapo kwenye kila bafu, lakini moja hudai kilowati 18 hadi 24 na umeme wa njia tatu, na fleti 12 za mwaka 1962 hazina waya wa kubeba mzigo huo. Kama mabomba yenu ya maji yanakaribia kubadilishwa hata hivyo, chagueni vile viboksi. Kama bado ni mazima, tenganisheni.

Visima vya uani

Ardhi ikishapita mita 10 hadi 15 chini hukaa karibu nyuzi 10, kiangazi na wakati wa baridi. Pampu inayochota huko haijui kama nje kuna theluji, na ndiyo sababu ya ule wastani wa 4.1. Haina kelele nje, haina eneo la kuogopa moto uani, na umeme wake ni mdogo kuliko wa chaguo la hewa. Ni mtambo bora kabisa ikiwa mna mahali.

Mahali ndipo wengi wanapokwama. Kwa makadirio ya kawaida kila mita ya kisima hutoa wati 50 hivi. Jengo la kilowati 60, pampu ikiwa na uwiano wa 4, linahitaji kuchota kilowati 45 ardhini: mita 900, yaani visima tisa vya mita 100, vikiachana angalau mita sita, na njia ya kuingiza gari la kuchimbia. Jengo lililobanwa kati ya majirani mjini halina nafasi hiyo. Kuzidi mita 100 kunaingiza sheria ya madini, na kwenye maeneo ya kulinda maji huenda msiruhusiwe kuchimba kabisa. Na msikubali kampuni isiyotaka kwanza ripoti ya jiolojia. Staufen, mji mdogo karibu na Freiburg, ulichimbwa visima vya joto mwaka 2007 nyuma ya ukumbi wa mji. Maji yakapenya kwenye tabaka la anhidraiti, mwamba unaovimba ukilowa, likavimba na kugeuka jasi, ardhi ikainuka na nyumba zaidi ya 200 zikapasuka nyufa. Ajali ya namna hiyo ni nadra, na inaepukika kwa kusoma ramani ya miamba kabla ya kuchimba.

Bomba la joto la mji

Kama bomba linapita mtaani kwenu, ombeni bei yake kabla ya kitu kingine chochote. Mashine hazikai kwenu, chumba cha boila kinabaki na kiboksi kidogo ukutani, maji yanafika na joto la kutosha hata kwa redieta mbovu na kwa bomba moja la zamani. Kwa lile jengo ninaloliogopa, hili ndilo jibu.

Udhaifu wake ni kwamba muuzaji ni mmoja. Mkataba unaweza kufika miaka 10 na kanuni ya kupandisha bei imo ndani yake. Isomeni mstari kwa mstari, muone bei inafuata nini: gesi, umeme au kipimo cha jumla cha soko la joto. Na ulizeni joto hilo linatengenezwa kwa nini. Mannheim imeweka pampu kubwa inayochota joto la mto Rhine tangu 2023. Miji mingine bado inachoma makaa au gesi. Miji yenye watu zaidi ya 100,000 ilitakiwa iwe imechapisha mpango wake wa joto kufikia tarehe 30 Juni 2026, midogo kufikia 2028. Kwenye mpango huo mtaa wenu umechorwa ama kuwa wa bomba ama kuwa wa kujitegemea. Kama umechorwa wa kujitegemea, msipoteze mwaka mkisubiri.

Mseto, na kila fleti na yake

Mseto ni pampu ndogo pamoja na boila la kusaidia siku za baridi kali. Chini ya GEG ya 2024 ulitosha iwapo pampu ilikuwa na asilimia 30 ya nguvu inayohitajika, zikifanya kazi pamoja. Pampu ndogo kiasi hicho hubeba sehemu kubwa ya mwaka kwa sababu siku za baridi kali ni chache. Naukubali kwa jengo moja tu: lililofeli jaribio la nyuzi 55 kwenye vyumba vingi na ambalo akiba yake haitoshi kubadilisha redieta kwa sasa. Wengine watakuwa wanalipia mitambo miwili, mafundi wawili na tangi lile lile.

Viyoyozi vya kupasha joto, kila fleti na chake, vinavutia mtu mmoja mmoja, hasa sisi tunaovijua. Lakini ukuta wa nje ni mali ya wote na huwezi kuutoboa bila kura, havileti maji ya kuoga, na wenzako wakibaki na boila utalipa gharama za kudumu mara mbili: za boila na za kiyoyozi chako. Vinafaa pale ambapo fleti hazikuwa na mfumo wa pamoja tangu mwanzo.

Kura na pesa

Tangu tarehe 1 Desemba 2020 wenye fleti wanaweza kuamua kubadilisha mtambo kwa wingi wa kawaida wa kura. Lakini hesabuni vizuri: zikipatikana zaidi ya theluthi mbili za kura zilizopigwa, na zikiwakilisha zaidi ya nusu ya hisa za jengo, gharama huwaangukia wote, isipokuwa zikiwa kubwa kupita kiasi. Mkipita kwa wingi mdogo na mradi ukashindwa kujirudishia gharama zake kwa muda unaofaa, waliopiga kura ya ndiyo wanaweza kubaki na mzigo peke yao. Zungukeni fleti kwa fleti kabla ya mkutano, muongee na wazee wa ghorofa ya kwanza wanaoogopa baridi, maana kura zao zina uzito sawa na za anayejua hesabu.

Ruzuku ya KfW, benki ya maendeleo ya serikali, kwa mpango ulioanza 2024, ni asilimia 30 ya gharama, na 5 zaidi ikiwa gesi ya ndani ya pampu ni ya asili, kama propani, au pampu inachota ardhini. Gharama inayotambuliwa ni euro 30,000 kwa fleti ya kwanza, 15,000 kwa kila moja kuanzia ya pili hadi ya sita, na 8,000 kwa kila moja kuanzia ya saba. Kwa fleti 12 ni 30,000 na 75,000 na 48,000, jumla 153,000. Asilimia 35 yake ni euro 53,550. Tuseme ofa imekuja euro 180,000: inabaki 126,450, sawa na takriban 10,500 kwa fleti kama mngegawana sawa, ingawa kwa kawaida hugawanywa kwa hisa na sehemu hutoka kwenye akiba ya jengo. Anayeishi kwenye fleti yake mwenyewe anaweza kuomba nyongeza yake binafsi: asilimia 20 kwa kuondoa mtambo wa mafuta unaofanya kazi, na 30 kama kipato cha nyumba kinachotozwa kodi hakizidi euro 40,000 kwa mwaka, jumla yote haipiti 70. Wauguzi na madereva wengi wa kwetu wamo kwenye kiwango hicho cha kipato na hawajui.

Mpangaji naye ana kinga. Mwenye nyumba akibadilisha mtambo kwa kutumia kifungu kipya cha sheria ya upangaji cha 2024, atatoa ruzuku kwenye hesabu, na kodi ya pango haiwezi kupanda zaidi ya senti 50 kwa mita ya mraba kwa mwezi kwa ajili ya mtambo huo. Fleti ya mita 70, basi, ni euro 35 kwa mwezi na si zaidi. Ulizeni ongezeko lenu linafuata kifungu gani.

Mpangilio wa mwaka nao una maana. Jaribio la nyuzi 55 lifanyike Januari au Februari, mkutano uitwe masika. Mkataba na kampuni usainiwe ukiwa na sharti kwamba utatimia ruzuku ikikubaliwa, ombi lipelekwe KfW baada ya saini hiyo na kabla kazi haijaanza. Mkianza kuvunja kabla ya kuomba, ruzuku imepotea. Kazi ya boila na tangi ifanyike kiangazi, wakati kinachohitajika ni maji ya kuoga tu. Na msimu wa mwisho wa mafuta msijaze tangi: agizeni kidogo kidogo, kwa sababu kampuni inayokuja kulisafisha na kulikata huwatoza pia kazi ya kufyonza yaliyobaki.